Jogoo wa Chotara Haboreshi Kuchi

Wafugaji wengi huambiwa kuwa ukitaka kuboresha kuku wa kienyeji, ingiza jogoo wa kisasa au wa chotara bandani. Kwa kuchi, yule kuku mrefu wa shingo na miguu, upanga mdogo na manyoya haba, ushauri huo unamaliza mbegu. Kizazi cha kwanza huvutia kwa uzito. Ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, vifaranga hutoka mchanganyiko: wengine wafupi, wengine wazito wasioatamia. Na kuchi halisi ameshapotea.

Kuchi huboreshwa kwa kuchagua ndani ya kuchi. Weka jogoo 1 kwa mitetea 8 hadi 10, na kila mwaka badilishana jogoo na mfugaji wa kijiji kingine ili asipande binti zake. Hapa ndipo wengi hukosea: wanamtoa jogoo wa chotara leo, kesho wanaatamisha mayai. Mtetea huhifadhi mbegu za dume mwilini hadi wiki 3. Subiri muda huo upite kwanza. Atamisha mayai 10 hadi 12 yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa.

Majogoo wa kuchi hupigana vibaya, kwa hiyo watenganishe mapema. Chanja dhidi ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) kila baada ya miezi 3, tone moja jichoni kwa chanjo ya I-2. Kundi dogo la mbegu safi likipigwa na kideri mara moja tu, hakuna duka litakalokuuzia jingine.