Picha ya Mlima Kenya na mambo tuliyodanganyana wakati wa kafyu

Mnakumbuka ile picha ya Aprili 2020, Mlima Kenya umejitokeza nyuma ya maghorofa ya Nairobi? Wengine wakasema ni korona imesafisha hewa, nusu ya watu wakasema ni fotoshopu. Fotoshopu haikua. Mlima uko kama kilomita 150 na asubuhi isiyo na mawingu huonekana hata bila korona, ni vile tu tukikimbizana na matatu hakuna mwenye huangalia huko.

Dhana: anga ikitakata, hewa ni safi.

Zii. Kilichoshuka haraka ni naitrojeni dayoksaidi, gesi ya moshi wa magari na mitambo ya umeme. Haikai hewani, ni masaa tu imeisha, ndio maana Wuhan kule China ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020 setilaiti zikaona tofauti upesi. Lakini zile chembechembe laini za PM2.5 zinazopenya hadi kwa mapafu zina baba wengi. Mtaani kwetu saa moja jioni kafyu imeanza, barabara kimya, na saa moja na nusu koridoo ya ploti imejaa moshi, kila mlango na jiko lake la makaa, maharagwe yanatokota, na huko nyuma kuna mtu anachoma mifuko ya plastiki juu gari ya taka haijaonekana wiki mbili. Hiyo haikuingia kwa picha ya mlima.

Dhana: toa magari, shida imeisha.

Magari ni shida, sibishani. India ilipofunga 25 Machi 2020 PM2.5 ya Delhi ilishuka karibu nusu, na watu wa Jalandhar, mji wa kaskazini mwa India, wakaona milima ya mbali ya Dhauladhar kutoka juu ya paa zao. Lakini Novemba hiyo hiyo Delhi ikarudi kwa moshi, na sehemu yake ilitoka kwa wakulima wa majimbo jirani ya Punjab na Haryana wakichoma mabua ya mpunga. Na Beijing Februari 2020? Barabara tupu na bado mji ukafunikwa na ukungu mchafu, kwa sababu viwanda vya chuma na mitambo ya umeme ilikua inaendelea, upepo hakuna, unyevu mwingi. Tena gesi ya ozoni ikapanda! Hapa ndio wengi huchanganyikiwa: moshi mbichi wa gari huwa unaila ozoni, sasa ukiutoa ghafla ozoni inabaki bila wa kuipunguza. Na hii ya huku chini si ile ya juu inayotukinga na jua, hii inabana kifua, uliza mwenye pumu.

Dhana: dunia ilipona.

Mapema Aprili 2020 hewa ukaa, ile gesi inayopasha dunia joto, iliyotolewa kwa siku ilikua chini kwa 17% ukilinganisha na 2019. Mwezi uliofuata kituo cha Mauna Loa kule Hawaii, kinachopima hewa ukaa iliyojaa angani, kikasoma sehemu 417 kwa milioni, rekodi ya wakati huo. Ni kama tangi la ploti, umepunguza mfereji kidogo tu, hujaufunga, maji yanazidi kupanda.