Kwa nini daftari la darasa la kwanza halijai haraka

Ikifika Machi hivi, walimu wa darasa la kwanza huanza kuulizwa na wazazi: mbona daftari la mtoto liko tupu? Anakwenda shule tangu Januari, anarudi na vumbi na vizibo vya soda mfukoni, lakini daftarini ni vistari na viduara tu. Mzazi ana haki ya kuuliza. Ila sehemu kubwa ya kazi ya miezi hiyo haiandikwi.

Tangu 2015, madarasa mawili ya mwanzo nchini Tanzania yamejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeendeleza msingi huo na kuingiza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza.

Kusoma huanzia masikioni. Mwalimu hatangulizi majina ya herufi, hutanguliza sauti. Anafumba midomo na kutoa "mmm", kisha "a", watoto wanaunganisha: ma. Baadaye mama, kisha mimi. Hapa ndipo sisi wa nyumbani huvuruga kazi kwa nia njema. Mtoto tuliyemkaririsha kwamba herufi hii ni "em", akikuta m na a husoma "ema", na kwa mantiki aliyopewa yuko sahihi.

Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kwa hiyo aliyemudu silabi anasonga mbele upesi. Panapokwamisha ni kwingine: ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, au konsonanti zilizobanana kama katika mbwa. Na kama nyumbani kunasemwa lugha isiyotenganisha r na l, kwenye imla "kula" hugeuka "kura".

Wepesi huo una mtego wake. Mtoto anaweza kutiririka ukurasa mzima asielewe kitu, hasa yule aliyekuja shule akizungumza Kisukuma au Kimaasai na Kiswahili anakijifunzia hapo hapo. Mwingine ameukariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake. Kumpima ni rahisi: weka kidole kwenye neno la katikati ya ukurasa, mwambie alisome. Kisha funga kitabu umuulize nani kafanya nini.

Vile vistari na viduara navyo ni kazi. Kistari kilichosimama na kiduara ubavuni ndiyo b, na ukikihamisha kiduara upande wa pili umepata d. Kuzigeuza herufi hizo ni kawaida kwa umri huu. Kofi halisaidii.

Kuhesabu ndiko wazazi wengi hudanganyika. Kuimba moja hadi mia ni kazi ya ulimi, bado si hesabu. Mpangie mtoto vizibo saba. Je, anagusa kimoja kimoja, au anaruka kimoja na kurudia kingine? Akimaliza, muulize: vingapi? Wapo wanaoanza upya kutoka moja, kwa sababu hawajatambua kwamba namba ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Mwalimu anaweza kukaa hapo siku kadhaa, na afanye hivyo.

Baadaye huja vijiti. Kumi vinafungwa kwa mpira kuwa fungu moja. Chukua 32 kutoa 15: mtoto ana mafungu matatu na vijiti viwili. Kwenye viwili hawezi kutoa vitano, basi anafungua fungu moja. Sasa vijiti vilivyo huru ni 12. Anatoa vitano, vinabaki saba. Mafungu yamebaki mawili, anatoa moja. Jibu 17. Wengi wetu tuliambiwa "kopa kwa jirani" bila kuonyeshwa jirani huyo ana nini. Huyu kalifungua fungu kwa mikono yake, na ndipo mwalimu humwekea hesabu hiyo kwa tarakimu tu.

Kwa hiyo ukienda shuleni, acha kuuliza daftari limejaa kiasi gani. Uliza silabi zipi amezimudu, na kama anahesabu vitu au anaimba namba. Mweleze mwalimu pia unayoyaona nyumbani. Mtoto anayejibu vizuri kwa mdomo lakini akinakili ubaoni anakosea kila mara, huenda haoni vizuri. Aombewe dawati la mbele, na apelekwe kituo cha afya akapimwe macho.