Migahawa ya Bei Nafuu Viungani mwa Miji: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wakazi wengi wa viunga vya miji hupita kila siku mbele ya migahawa midogo yenye meza chache na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki, kisha huenda kula mbali na kwa gharama kubwa zaidi, kwa kuwa wameshaamini kwamba chakula cha bei nafuu hakikosi kasoro iliyofichwa. Baadhi ya imani za namna hiyo humnyima mlaji chakula kizuri na kumpunguzia mwenye mgahawa riziki yake. Nyingine ni za hatari hasa, maana humpa mlaji utulivu mahali ambapo angepaswa kuwa macho.

Iliyoenea kuliko zote ni dhana kwamba bei ikiwa ndogo, usafi nao utakuwa mdogo. Ukweli ni kwamba bei ya sahani moja hukusanya mambo mengi yasiyohusiana na usafi: kodi ya pango, mishahara, samani, taa, matangazo na faida ya mwenye biashara. Katika biashara ya migahawa, gharama ya viambato kwa kawaida huwa robo hadi theluthi ya kile anacholipa mteja. Kinachobaki hulipia mahali na watu. Mgahawa uliomo katika chumba cha mbele cha nyumba ya mwenyewe, unaopika vyakula vinne au vitano tu na kuendeshwa na watu wa familia moja, unaweza kushusha bei bila kugusa ubora wa nyama wala kiasi cha sabuni. Ni kweli kwamba wapo wanaoshusha bei kwa kuchanganya mabaki ya jana na chakula cha leo, au kwa kutumia mafuta yaleyale ya kukaangia mpaka yawe meusi na mazito. Hata hivyo, tabia hiyo haina tabaka, na mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani unaweza kuifanya vilevile, tena nyuma ya mlango ambao mteja haruhusiwi kuufungua.

Mfumo wa alama za usafi wa Uingereza, unaoipa kila biashara ya chakula alama kati ya 0 na 5, unalionyesha jambo hili vizuri. Wakaguzi huangalia namna chakula kinavyoshikwa, kupikwa na kuhifadhiwa, hali ya jengo lenyewe, na jinsi mwenye biashara anavyosimamia usalama wa chakula kila siku. Bei haimo katika vigezo hivyo, wala urembo wa ukumbi, wala hata utamu wa chakula. Kwa hiyo kibanda kinaweza kupata 5, na ukumbi wa kifahari ukapata 1.

Dhana ya pili inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu. Husemwa kwamba chakula chochote kikiwa cha moto hakina madhara, na kwamba kilicholala kikipashwa vizuri hurudia usalama wake. Moto huua bakteria wengi, hilo halina ubishi, lakini baadhi yao huwa wameshaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo hubaki hata bakteria wenyewe wakifa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huishi puani mwa karibu theluthi moja ya watu wazima wenye afya, na hufika kwenye chakula kupitia mikono. Sumu yake huvumilia kuchemshwa. Mwingine, Bacillus cereus, huwa na mbegu ngumu zinazosalimika wakati wali unapoiva, kisha huamka na kuanza kuongezeka wali huo unapoachwa upoe polepole ndani ya sufuria kubwa. Sumu yake ya kutapisha nayo haivunjwi na kupasha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni tano za usalama wa chakula, na ndani yake mna vipimo ambavyo kila mlaji anaweza kuvikumbuka: chakula kipikwe hadi kifikie angalau nyuzijoto 70 za Selsiasi katikati yake, kinachosubiri kuliwa kikiwa moto kibaki juu ya 60, kinachohifadhiwa baridi kiwe chini ya 5, na kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 bakteria hustawi, na katika mazingira yanayowafaa baadhi yao huzaliana maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja huweza kuwa zaidi ya milioni mbili baada ya saa saba, yaani muda wa kutoka mapishi ya asubuhi hadi mlo wa jioni.

Ndiyo maana sufuria inastahili kutazamwa kuliko ukuta. Chungu kinachokaa juu ya moto mdogo, kikifuka mvuke kila kifuniko kinapoinuliwa, kiko salama kuliko trei pana iliyopangwa vizuri kwenye kabati la kioo, ambayo mchuzi wake umeanza kufanya utando juu na kugandisha mafuta pembeni. Utando huo ni ishara kwamba chakula kimekuwa kikipoa. Jambo la kutia moyo ni kwamba mgahawa mdogo unaopika kidogo, ukauza hadi ukaisha, na kufunga jikoni saa nane mchana kwa sababu hakuna kilichobaki, umeshajiepusha na sehemu kubwa ya hatari hii bila kununua kifaa chochote.

Hapo hapo kuna dhana kwamba glavu ni uthibitisho wa usafi. Glavu iliyoshika nyama mbichi, ikapokea fedha, kisha ikachukua mkate, imebeba uchafu uleule ambao mkono mtupu ungeubeba, na tofauti ni kwamba aliyeivaa hausikii uchafu huo, hivyo hakumbuki kunawa. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, mara kwa mara, ni kinga bora kuliko glavu isiyobadilishwa. Dawa ya kupaka yenye alkoholi nayo haichukui nafasi ya sabuni, kwa kuwa norovirasi, mojawapo ya visababishi vikubwa vya kutapika na kuhara, haiuawi nayo ipasavyo. Kwa hiyo ukiona mtu mmoja anapokea fedha na mwingine anapakua, hiyo ni dalili nzuri kuliko sare yoyote.

Mtu akiugua tumbo, kwa kawaida hulaumu alichokula mwisho, na kama alichokula mwisho kilikuwa cha mgahawa wa bei nafuu, hukumu huwa imeshatolewa. Lakini vimelea havifuati ratiba hiyo. Sumu ya Staphylococcus aureus huweza kumshika mtu ndani ya nusu saa hadi saa nane. Norovirasi huchukua kati ya saa 12 na 48. Salmonela mara nyingi huchukua kati ya saa 6 na siku tatu, na wakati mwingine zaidi. Kampilobakta huchukua siku mbili hadi tano. Na homa ya ini aina ya A huanza kuonekana baada ya siku 14 hadi 28. Huenda chanzo ni mlo wa juzi uliopikwa nyumbani kwako. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tetesi moja inayosambazwa mtaani inaweza kuifunga biashara ya mtu aliyekuwa anapika kwa uangalifu mkubwa. Anayeugua sana aende hospitali na aeleze alivyokula kwa siku kadhaa, na anayeshuku mgahawa fulani apeleke taarifa kwa afisa wa afya, ambaye anaweza kukagua jikoni na kulinganisha wagonjwa.

Kuhusu foleni, wanaosema kwamba mahali penye watu wengi hapakosi chakula kizuri wamepatia nusu. Wateja wengi humaanisha chakula hakikai, na hiyo ni faida halisi. Ila watu hujazana pia kwa sababu kituo cha basi kiko karibu au hakuna pengine pa kula. Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni nani wanarudi: mgahawa wa kiungani hauishi kwa wapita njia, unaishi kwa majirani walewale wa kila wiki, na jirani aliyedanganywa mara moja harudi.

Dhana ya kwamba upishi wa hali ya juu hupatikana tu katikati ya jiji na kwa fedha nyingi imepingwa hata na waamuzi waliozoea kumbi za kifahari. Mwongozo wa Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa na kuipa nyota ile iliyo bora, ulioanza mwaka 1900, ulianzisha mwaka 1997 alama ya Bib Gourmand kwa ajili ya migahawa yenye chakula kizuri kwa bei ya wastani, na mwaka 2016 ukatoa nyota kwa vibanda viwili vya chakula nchini Singapore. Mpishi anayerudia vyakula vitano kila siku kwa miaka huvijua kwa undani kuliko yule mwenye orodha ya kurasa nane, ambayo mara nyingi huhitaji friji iliyojaa vitu vinavyosubiri mwagizaji.

Chumvi ndiyo inayobaki. Wengine hudhani kwamba mlo wa bei nafuu ndio pekee wenye chumvi nyingi, ilhali jikoni za bei zote huitumia kwa wingi ili kukoleza ladha. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na mgahawa mdogo una nafasi nzuri ya kukusaidia katika hilo, kwa kuwa anayekupakulia mara nyingi ndiye aliyepika, na ukimwomba mchuzi pembeni au chumvi kidogo, ombi lako linafika jikoni palepale.