Kujiona umeshafika si kufika

Ukikosa kazi hapa Moshi, hukosi wa kukuambia: "Jione umeshaajiriwa, itakuja tu." Sivyo. Mwaka 2002 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha utafiti uliowahusu wahitimu wa chuo nchini Ujerumani. Miaka 2 baadaye, waliozama zaidi katika ndoto tamu za ajira walikuwa wametuma maombi machache, na mishahara yao ilikuwa midogo. Matumaini yenyewe hayana kosa. Waliotarajia kufaulu walifanya vizuri zaidi. Tatizo ni kuonja ushindi kabla ya kuutafuta: mwili hulegea. Anayeota kibanda cha mitumba pale soko la Memorial aiwaze faida, sawa, kisha ajiulize papo hapo kinachomkwamisha. Kama ni mtaji wa belo, aanze na mashati machache ya kuchagua.