Minyoo ya oposumu wa Brazili: tenganisha utumbo kabla ya kuufungua

Oposumu wa jenasi Didelphis, mnyama mwenye mfuko wa kulelea watoto na ukubwa wa paka hivi, hula wadudu, konokono, vyura, matunda na hata mabaki ya jikoni. Ulaji huo humjaza minyoo ya kila namna, na kila spishi ina mahali pake pa kukaa. Unapompasua oposumu aliyekufa ili kukusanya minyoo hiyo, ukichanganya matumbo yote kwenye beseni moja, umetupa nusu ya utambuzi.

Vaa glavu kwanza. Tezi za mkundu za oposumu zinaweza kubeba Trypanosoma cruzi, kimelea wa ugonjwa wa Chagas. Kisha funga kwa uzi mipaka ya tumbo la chakula, utumbo mwembamba, sikamu (kifuko kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana) na utumbo mpana, ukate katikati ya fundo mbili. Kila kipande kiende kwenye sahani yake yenye maji ya chumvi ya 0.9%.

Tumboni utamkuta Turgida turgida, mnyoo duara mnene, ameng'ata ukuta. Usimvute kwa kibanio: kichwa kitakatika, na midomo ndiyo inayomtambulisha. Msukume taratibu kwa brashi laini mpaka aachie.

Utumbo mwembamba ndio unaowashinda wengi. Rhopalias coronatus, mnyoo bapa, ana mikonga miwili yenye miiba kandokando ya mdomo, huonekana upesi. Viannaia je? Ni mnyoo duara mwembamba kama unywele, amejiviringa, na huondoka na maji ya kuoshea. Tumia chujio lenye matundu ya mikromita 150, kisha ukague utando wa ndani wa utumbo chini ya hadubini. Ukimpata mnyoo mwenye mkonga wa kulabu, mwache usiku kucha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya jokofu, ili mkonga utoke nje. Ukibaki ndani, kulabu hazihesabiki.

Kwenye sikamu minyoo duara wawili, Cruzia tentaculata na Aspidodera raillieti, huishi pamoja. Aspidodera ana mikunjo kama kofia kichwani, na dume lake lina kinyonyeo mbele ya kloaka, yaani tundu la pamoja la kinyesi na uzazi. Cruzia, jenasi iliyoanzishwa na Lauro Travassos mwaka 1917, ana safu za vijino ndani ya koromeo, na utumbo wake una tawi linaloelekea mbele.

Kuhifadhi: changanya sehemu 93 za ethanoli ya 70%, 5 za fomalini na 2 za asidi ya asetiki isiyo na maji. Kwa minyoo duara, pasha mchanganyiko huo hadi nyuzi 65 za Selsiasi ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya mwali, maana mvuke wa ethanoli hushika moto. Mchanganyiko ukiwa baridi, minyoo hujikunja na vipimo vinaharibika. Minyoo bapa ibanwe kidogo kati ya slaidi mbili. Minyoo wachache wa kupimwa DNA waingie moja kwa moja kwenye ethanoli ya 95% au zaidi, kwa kuwa fomalini huharibu DNA.

Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa: namba ya mnyama, kipande cha utumbo, tarehe. Wino wa kawaida huyeyuka kwenye ethanoli.