Newton hakuzaliwa mwaka aliokufa Galileo

Kuna hii stori inarudi kila Januari, eti Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, alikufa 1642 na Newton, mwanasayansi wa Uingereza, akazaliwa mwaka huohuo, wengine wanatia chumvi kabisa kwamba roho ya mzee ilihamia kwa mtoto. Stori tamu sikatai, ila tarehe zake zimetolewa kwenye kalenda mbili tofauti na hapo ndo watu wanapotea.

Iko hivi. Galileo alifariki Arcetri, karibu na Florence, 8 Januari 1642, na Italia walishahamia kalenda ya Papa Gregori tangu 1582, hii hii tunayotumia leo. Uingereza waligoma, hawakutaka mambo ya Papa, wakang'ang'ania kalenda ya zamani ya Kaisari mpaka 1752, so enzi hizo walikuwa nyuma siku 10. Newton alizaliwa Woolsthorpe siku ya Krismasi 1642 kwa hesabu ya kwao, lakini kule Italia siku hiyo ilikuwa tayari 4 Januari 1643. Haya, sema tutumie ya Waingereza kwa wote wawili: Galileo atakuwa kafa 29 Desemba 1641! Yaani uchague kalenda yoyote, miaka haikutani.

Kuna na stori ya Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, na hiyo ni kweli lakini, alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya Galileo kufa, ila kusema ni ishara ndo hapana, mwenyewe alikadiria watoto kama laki mbili walizaliwa siku hiyohiyo. Akafa 14 Machi 2018, tarehe aliyozaliwa Einstein mwaka 1879, na hiyo pia ni kweli.

Sasa 14 Machi ni Siku ya Pai, ile namba unayopata ukigawanya mzingo wa duara kwa kipenyo chake, kama 3.14 hivi, maana Wamarekani wanaandika tarehe wakianza na mwezi, 3.14. Na hapa kuna dhana nyingine tumetoka nayo shule, kwamba pai NI 22/7. Hapana jamani, ni makadirio tu, Archimedes, yule Mgiriki wa kale, alishaonyesha zamani sana kwamba pai ni ndogo kuliko hiyo. Chukua duara la nusu kipenyo sm 7, kwa 22/7 mzingo unatoka sm 44 safi kabisa, kumbe kiuhalisia ni kama 43.98.

Ila sisi tunaoanza na siku tuna 22/7 yetu, yaani 22 Julai, na ukipiga hesabu 22/7 iko karibu zaidi na pai kuliko 3.14.