Kitabu si nguo ya kuanikwa juani

Kila baridi inapokwisha na watu wakaanza kufungua madirisha, ujumbe unaonifikia ni ule ule: "Vitabu vyangu vinanuka uvundo, nimevianika juani tangu asubuhi. Nivigeuze saa ngapi?" Usivigeuze, ndugu yangu. Viondoe. Viingize kivulini sasa hivi, halafu tuongee.

Mimi hujalidi na kukarabati vitabu. Ndiyo kazi inayonilisha. Vingi vinavyoletwa mezani kwangu mwanzoni mwa kiangazi havikuharibiwa na ukungu. Viliharibiwa na tiba.

Naelewa imani hii inakotoka. Jua hukausha, na kuvu haipendi ukavu. Kitabu kikikaa juani saa mbili, ule unga mweupe juu ya jalada unapanguswa kwa kitambaa, harufu inapungua, na mwenye kitabu anaona amekiponya. Lakini kuvu iliyokauka haijafa, imelala. Mbegu zake zimejaa kwenye mishono na kwenye ngozi ya mgongo, zikingoja unyevu urudi. Mionzi ya urujuanimno inaua inachokigusa, sawa, ila haipenyi jalada, wala haifiki ukurasa wa hamsini. Kitabu kilichofungwa hupata joto nje huku katikati kukiwa na unyevu ule ule wa jana.

Na hasara yake? Karatasi ya bei nafuu, ile ya mbao zilizosagwa iliyoanzia kwenye mashine ya Friedrich Gottlob Keller miaka ya 1840, ina lignini nyingi, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Lignini ikipigwa na mwanga hugeuka njano, kisha kahawia, na asidi inayozaliwa humo inakatakata nyuzi za selulosi hadi ukurasa uvunjike ukikunjwa. Weka gazeti dirishani siku mbili tatu, nusu yake ukiwa umeifunika kwa ubao, utauona mpaka. Karatasi nyingi za karne ya 19 zina mzigo wa pili: tangu Moritz Friedrich Illig alipoeleza mwaka 1807 jinsi ya kutumia shabu (chumvi ya alumini) na utomvu wa msonobari kuzuia wino usisambae, zilitoka kiwandani na asidi yake tayari.

Uharibifu wa mwanga haurudi nyuma, na unajumlishwa. Majumba ya makumbusho huonyesha karatasi chini ya mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Jua la adhuhuri hufika luksi 100,000. Piga hesabu: saa moja juani ni sawa na saa 2,000 kwenye kabati la maonyesho, yaani siku 250 za saa nane. Kwa saa moja tu! Halafu mtu ananiambia alivianika "kidogo".

Ukitaka ushahidi wa nyumbani, nenda kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Vuta kitabu kirefu kilichokaa muda mrefu pembeni ya kifupi, uangalie ubavu wake. Pale jirani yake alipokikinga, rangi ni ile aliyoipaka mchapaji. Juu kidogo, ukanda uliobaki wazi umepauka, na mpaka wake umenyooka kama rula. Rangi nyekundu ndizo hukimbia haraka.

Kisha kuna jalada kupinda. Kilaze kitabu kilichoanikwa mezani, gonga kona ya jalada kwa kidole. Litacheza, maana kona zimeinuka: upande wa nje umekauka ukasinyaa, wa ndani ulioshikana na kurasa zenye unyevu bado umetanuka. Lifungue polepole na usikilize pale bawabani. Ukisikia mlio mwembamba wa kukatika, hiyo ni gundi ya wanyama iliyokauka kupita kiasi, na huko ndiko kitabu kitakakoachana na jalada lake.

Sasa, jambo linaloniudhi kuliko jua lenyewe ni kwamba hakuna anayeuliza unyevu ulitoka wapi. Watu wanadhani baridi ndiyo iliyovilowesha vitabu. Katika nyumba inayopashwa joto, hewa ya majira ya baridi ni kavu mno! Tatizo huanza pale majira ya kuchipua yanapoingia, hewa ya nje ikapata joto na maji, na kuta za nyumba zikabaki na baridi ya miezi iliyopita.

Fuatana nami hapa. Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Tuseme chumbani unyevu ni asilimia 60: hizo ni gramu 10 na kitu. Hakuna anayelalamika, kipima unyevu mezani kinaonyesha namba nzuri. Lakini rafu yako imegusana na ukuta wa nje, na nyuma yake ukuta ni nyuzi 14. Hewa ikiteleza huko ikapoa, gramu zile zile zinakuwa zaidi ya asilimia 85 ya inachoweza kubeba. Kuvu huanza kustawi unyevu ukipita 65 au 70. Ukuta ukiwa nyuzi 12 maji yanatona kabisa. Ndiyo maana ukungu huanzia nyuma ya vitabu, mahali ambapo mwenye nyumba hajawahi kuweka mkono, na ndiyo maana kuvianika na kuvirudisha pale pale ni kazi bure.

Kwa hiyo vuta rafu, iache nafasi ya upana wa vidole vitatu vinne kutoka ukutani. Afadhali uihamishie ukuta wa ndani. Vitabu visibanane. Na madirisha usiyafungue alasiri kwa sababu tu nje kunapendeza. Yafungue alfajiri, hata kama kuna umande. Najua inasikika kinyume. Hewa ya nyuzi 10 iliyoshiba maji ina gramu 9 na kitu tu, na ikishapata joto la chumba hadi nyuzi 20 unyevu wake unashuka hadi asilimia 50 na kitu.

Miongozo ya maghala ya nyaraka kwa miaka mingi ilitaka unyevu usiyumbe, usiku na mchana, mwaka mzima. Mimi sina imani na sharti hilo nyumbani. Vitabu vingi nilivyovishika vimepanda na kushuka na majira kwa vizazi na viko salama. Kinachovunja ni mabadiliko ya ghafla, na hakuna la ghafla kuliko kutoka rafuni kwenda juani.

Wengine hunijibu kwamba watu wa Mashariki ya Mbali wameanika vitabu karne na karne. Kweli, Wajapani wana mushiboshi, desturi ya kutoa vitabu na mavazi baada ya msimu wa mvua za kiangazi. Wanavipunga hewa, kivulini, vikiwa wazi. Hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Wadudu nitawapitia haraka. Chawa wa vitabu, wale wadogo wa rangi ya maziwa, wanakula kuvu. Ondoa unyevu, wataondoka. Bungua ndiye wa kuogopwa, na wakubwa hutoka kwenye matundu yao kati ya mwisho wa majira ya kuchipua na kiangazi. Tundu peke yake si habari, huenda lina umri wa babu yako. Tafuta unga mpya, mweupe-mweupe, chini ya kitabu. Ukiukuta, funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza. Vitabu vya fani husema wiki moja kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo, zinaishia 18, kwa hiyo mimi huacha wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo umande utakaa juu ya karatasi.

Maua mabichi msiyakaushe ndani ya kitabu mnachokipenda. Yana maji, yana rangi, na yote mawili yanabaki.

Wala sisemi msisome nje. Kitabu mkononi, chini ya mti, mchana wa kiangazi: hiyo ndiyo kazi ya kitabu, na kivuli cha kichwa chako kinatosha kukikinga. Yaoshe tu kwanza mafuta ya jua yatoke mikononi.

Kama umeshaanika, kiache kitabu chumbani kivulini siku mbili tatu kinywe hewa. Kisha weka karatasi safi nyeupe ndani ya kila jalada, ubao ulionyooka juu na chini, na uzito juu yake, wiki kadhaa bila kuchungulia. Usikipige pasi. Mgongo ukiwa umechanika usiubandike kwa selotepu. Zungushia kitabu utepe wa pamba, ukifunge fundo ubavuni, ukilete hivyo hivyo.